Unataka ndai ya V8 ya kizamani? Cheki kwanza inakunywa nini

Kama unaishi Kahawa Sukari, Wendani ama hapo pande za KU, hiyo sauti unaijua. Ni Jumapili asubuhi, Superhighway iko wazi, halafu kitu inapita ikinguruma chini kwa chini. Sio ule mlio wa Subaru ya chali amepata kazi mwezi jana. Hii ni nzito, inatetemesha hadi dirisha za ploti. Ukitoka kwa balkoni kucheki, ishafika Ruiru.

Wasee wengi wakiona ndai kama hiyo huuliza swali moja tu: inaenda ngapi? Wacha nikuambie, bei ya kununua ndio sehemu rahisi. Unaweza kusota, ukachanga, ukauza shamba la guka (usiuze shamba la guka), ukaipata. Kenye kitakumaliza ni swali lingine: inakunywa nini? Sisemi inakunywa kiasi gani, hiyo tutafika. Nasema nini. Kwa sababu mafuta yenye hiyo injini iliundiwa hayauzwi tena popote duniani kwa kituo cha mafuta.

Turudi nyuma kidogo ndio tuelewane.

Hizi gari Wamarekani waliita za misuli zilianza kuvuma 1964, Pontiac walipochukua gari ya saizi ya kati wakaitia injini kubwa ya V8 na kuipatia jina GTO. Fomyula ilikuwa simple: bodi ya kawaida, injini ya kutisha, bei yenye kijana mwenye kazi anaweza kufikia. Wengine wakaingia mbio. Kufikia 1970 Chevrolet walikuwa wanauza Chevelle yenye injini ya lita 7.4 na nguvu ya farasi 450 kwa karatasi. Halafu Oktoba 1973 Waarabu wakafunga mfereji wa mafuta, bei ikapaa, na hiyo sherehe ikaisha.

Siri ya hiyo nguvu ilikuwa kompresheni. Kwa lugha ya mtaa: pistoni ikipanda, inakamua hewa na petroli mara ngapi kabla plagi iwashe. Ile GTO ya kwanza ilikuwa inakamua mara 10.75. Chevelle ya 1970 mara 11.25. Ukikamua sana unapata nguvu sana, lakini petroli ikikamuliwa inapata joto, na ikipata joto kupita kiasi inajilipukia yenyewe kabla zamu yake ifike. Hiyo ndiyo makanika huita noki. Ukiskia injini inatoa sauti kama kokoto ndani ya mkebe ukikanyaga, usijiambie ni uzee. Hapo ndani pistoni inapigwa nyundo. Ikiendelea inatoboka.

Ndio hiyo isifanyike, petroli ya enzi hizo ilikuwa na risasi. Hapana, sio ya bunduki. Ni madini ya lead, yale ya betri. Mwaka wa 1921 mwanasayansi wa General Motors aliyeitwa Thomas Midgley aligundua kwamba ukitia kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi kwa petroli, noki inapotea. Ilikuwa bei rahisi na ilifanya kazi poa sana. Shida ni moja, hiyo kitu ni sumu. 1924 wafanyikazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa wakiitengeneza, na bado dunia ikaendelea kuichoma kwa miaka mia moja hivi.

Hapa kwetu pia ilichomwa. Kama wazazi wako walikuwa wanapanda mathree Thika Road kabla ya 2006, walivuta hiyo moshi. Mwaka wa 2001 nchi za Afrika zilikaa Dakar zikakubaliana kuiondoa, na kufikia Januari 2006 Kenya na nchi zingine zote za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. Kampeni ya dunia nzima iliendeshwa kutoka hapa hapa Nairobi, ofisi za UNEP Gigiri, na ilifika mwisho 2021 wakati Algeria, nchi ya mwisho, iliacha kuiuza.

Na usiskie mtu akikuambia hiyo ilikuwa siasa ya wazungu. Risasi inaingia kwa damu ya mtoto na kuharibu ubongo, na wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango chochote kilicho salama. Waulize watu wa Owino Uhuru huko Mombasa, wenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwapulizia hiyo sumu hadi mama mmoja, Phyllis Omido, akasimama nao. Alipata tuzo ya Goldman 2015, na 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Hivyo ndivyo hiyo kitu ni ghali.

Sasa, kuna kazi ya pili yenye risasi ilikuwa inafanya, na hii ndio inaua injini za wasee kimya kimya.

Ndani ya kichwa cha injini kuna valvu, na kila valvu hufunga ikikalia pete fulani, tuite kiti. Valvu ya kutoa moshi inawaka moto kabisa. Enzi za risasi, masalio yake yalipaka hicho kiti utando mwembamba, kama mafuta kwa kikaango. Ukiondoa risasi, chuma inagongana na chuma ikiwa ya moto, vipande vidogo vinashikana na kung'oka, na pole pole valvu inaanza kuzama ndani ya kichwa. Unaanza kuona gari haina nguvu, asubuhi inasumbua kuwaka, makanika anarekebisha mwanya wa valvu, na baada ya wiki kadhaa umefunga tena. Mwishowe kompresheni inapotea.

Hii inapata injini zenye kichwa chake ni chuma tupu ya kalibu na viti vimechongwa moja kwa moja ndani ya hiyo chuma. V8 nyingi za Marekani za kabla ya miaka ya sabini ziko hivyo. Mini ya kizamani pia, na Ford Escort zenye injini ya Kent. Lakini zenye kichwa cha aluminiamu huwa zimewekewa viti vya chuma tofauti, kwa sababu aluminiamu peke yake ni laini sana, na kwa hivyo hazina pressure sana. Na hapa ndipo Mkenya ana bahati, maana ndai nyingi za kizamani zenye tunapenda ni za hiyo aina: Peugeot 404 na 504, Datsun 1200, Toyota Corolla za injini ya K. Pengine babu yako alikuwa anajua kuchagua.

Ukweli mwingine mchungu ni kwamba V8 halisi ya Marekani ni ngumu kupata hapa, na sio kwa sababu ya doh pekee. Sheria yetu haikubali kusajili gari ya usukani wa kushoto, isipokuwa zile za kazi maalum. Mustang zote za zamani zilitoka kiwandani na usukani kushoto. Ya kwanza kutoka na usukani kulia ni ya 2015. Juu ya hiyo, gari inayoingia nchini haifai kupita miaka 8. Kwa hivyo zile chache unaona barabarani ziliingia kitambo ama zina historia yake, na zilizogeuzwa usukani zinafaa kuchunguzwa vizuri sana. Usukani uliogeuzwa vibaya utakupeleka kwa mtaro hapo Githurai, V8 ama hakuna V8.

Kwanza hata zilipokuja rasmi hazikutamba. Safari Rally ya 1964, kampuni ya Ford ilileta kikosi cha Mercury Comet za V8, pesa ikamwagwa, mbwembwe zikafanywa. Nani alishinda? Ford Cortina ndogo ya Peter Hughes. Miaka iliyofuata ni Peugeot, Datsun na Lancer ya Joginder Singh. Datsun 240Z ilichukua 1971 na 1973. Matope ya Kenya hayaogopi farasi 300. Ndio maana nasema, ukiwa Kahawa Sukari na unaanza kukusanya ndai za kizamani, anza na kenye kilishinda hapa. Spea zinapatikana Kirinyaga Road, na kuna wazee Thika na Ruiru wanaijua 504 kuliko wanavyojua watoto wao. Lakini kama moyo wako umekataa na unataka V8 tu, endelea kusoma, sitakuzuia.

Ile hesabu ya oktani inawachanganya watu

Oktani ni nambari ya kuonyesha petroli inaweza kukamuliwa kiasi gani bila kujilipukia. Kubwa ni bora kwa injini ya kompresheni ya juu. Sasa unaangalia video ya Mmarekani na Charger yake, anasema anatia 93. Unacheki Super yetu, unaona nayo ni 93. Unafurahi. Usifurahi.

Wamarekani wanapima kwa njia mbili, moja nyepesi na moja kali, halafu wanachukua katikati yake. Sisi tunatumia ile nyepesi pekee, inaitwa RON. 93 ya Mmarekani kwa kipimo chetu ni kama 97 ama 98. Na 93 yetu kwake ni kama 88 ama 89, ambayo kwake hiyo ni ya Vitz. Hizo injini za 1970 zilitaka karibu 100 ya RON. Ziko vituo vingine vinauza petroli ya bei ya juu yenye 95, na hiyo ndio utakuwa ukitia, lakini bado uko chini.

Vipi zile chupa za kuongeza oktani? Soma vizuri. Chupa ikisema inaongeza pointi 10, watengenezaji wengi wanahesabu pointi 10 kuwa oktani moja. Kwa hivyo umetoa thao kadhaa ukitoka 93 kwenda 94. Zile za kulinda viti vya valvu zinasaidia kiasi kama unaendesha pole pole wikendi. Kwa injini ya kukanyagwa, dawa ni kupeleka kichwa kwa wasee wa mashine, wachonge, waweke viti vigumu. Unafanya mara moja, unasahau.

Kuna yule atakuambia ujipange na mtu wa Wilson Airport akuletee petroli ya ndege ndogo. Ni kweli hiyo ina oktani 100. Ni kweli pia bado ina risasi, na ile herufi ya kuonyesha ni ya risasi kidogo ni ya kulinganisha na mafuta mengine ya ndege, sio na ya Super. Unataka kupuliza hiyo kitu kwa geti ya shule ya nasari hapo kwa avenyu ndio injini yako ikae fiti? Zii.

Mlima unakudanganya

Hii sehemu hakuna video ya Mmarekani itakuonyesha, na ndiyo muhimu zaidi kwa mtu wa huku.

Kahawa Sukari iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, karibu asilimia 83 ama 84 ya ile ya Mombasa. Kwa injini ya kabureta isiyo na taabo, hiyo inamaanisha mambo mawili. Ya kwanza, nguvu inashuka kama asilimia 15. Hizo farasi 300 za kujigamba, ukiwa Thika Road ziko kama 255. Ya pili, na hii ndio poa, silinda inajaa hewa kidogo, inakamua presha kidogo, kwa hivyo haina hamu sana ya oktani. Injini yenye ingegonga Mombasa na petroli ya 93 inaweza kukaa kimya kabisa huku.

Kwa hivyo unaishi na ndai yako Sukari miezi sita, hujawahi skia noki, unajiambia hizo story za risasi ni za kutisha watoto. Makanika wako wa Ruiru amefungua taimingi mbele kidogo ndio irudishe zile farasi zimepotea, na amebana kabureta kwa sababu hewa nyepesi ilikuwa inafanya moshi uwe mweusi. Kila kitu tamu. Disemba inafika, mbogi inasema twende Coast.

Unapita Mtito Andei, unateremka Voi, na kila kilomita hewa inazidi kuwa nzito. Silinda zinajaa zaidi, presha inapanda. Kabureta iliyobanwa kwa hewa ya Ruiru sasa inatoa petroli kidogo kuliko hewa inavyotaka, na mchanganyiko mkavu unachoma moto zaidi. Taimingi iko mbele. Joto la nje ni kali. Halafu unataka kupita lori tatu zimefuatana, unakanyaga hadi chini. Dirisha ziko wazi, muziki uko juu, hauskii zile kokoto. Ukifika Mariakani, injini yenye imevumilia tangu 1968 ina pistoni imetoboka, na breki-dauni ya kukurudisha Kahawa itakula pesa ya sikukuu yote.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ushuke, mwambie makanika arudishe taimingi nyuma digrii mbili tatu na aweke jeti kubwa kwa kabureta, zile za kawaida za kiwanda. Jaza ile petroli ya 95. Ukiwa njiani funga muziki ukikanyaga, skiza. Ukiskia kokoto, toa mguu. Ukirudi nyumbani unarudisha kila kitu.

Mfuko je?

Tupige hesabu na petroli ya shilingi 180 kwa lita, ndio iwe rahisi, maana EPRA hubadilisha bei kila tarehe 14 ya mwezi na Oktoba 2023 tulifika 217 na ushee Nairobi. Sukari hadi tao na kurudi ni kama kilomita 40. V8 kubwa ikienda kilomita 5 kwa lita, hiyo ni lita 8, shilingi 1,440. Ukishikwa na jam Githurai hadi Pangani inashuka kilomita 3, umechoma zaidi ya lita 13, karibu 2,400. Vitz ya jirani yenye inaenda 15 inatumia 480. Hii ni ya siku moja, haujalipa parking.

Na hiyo jam ina shida yake. Injini ikiwa moto na gari imesimama, petroli ndani ya paipu inachemka inageuka mvuke, na pampu ya kizamani haiwezi kuvuta mvuke. Gari inazima katikati ya barabara na makondakta wanakupatia majina. Ukiona hivyo usimalize betri ukijaribu kuwasha. Funika pampu na kitambaa chenye maji baridi, ngoja. Halafu wikendi hamisha paipu mbali na ekzosti.

Chunga pia pahali unaweka. Paraffini ikichanganywa na petroli inashusha oktani vibaya, na ulaghai wa kuchanganya ulikuwa mwingi hadi 2018 serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ndio bei zikaribiane. Nissan ya kisasa ina sensa ya kuskia noki, inajirekebisha. Ndai yako ya 1969 haina. Sensa ni wewe. Chagua kituo chenye shughuli nyingi, weka risiti.

Kabla utoe doh

Peleka makanika wako, sio wa muuzaji. Aipime kompresheni silinda zote, na zile nambari zikaribiane. Uliza kama kichwa kimewahi kufunguliwa na viti vikabadilishwa, na uonyeshwe risiti ya mashine. "Ilifanywa" bila karatasi haikufanywa. Washa injini ikiwa baridi kabisa. Ukipata bonneti iko moto ukifika, kuna kitu inafichwa. Nambari ya chasisi kwa bodi ilingane na ya logbook na ya rekodi za NTSA, hasa kwa gari zenye plate za kabla ya KAA, zenye zilisajiliwa kabla ya 1989 na zimepita mikono mingi. Gari isiyo na karatasi ni mapambo ya compound.

Halafu fungua kifuniko cha tenki unuse. Petroli iliyokaa miezi inanuka kama rangi ya mlango, na inaacha utomvu unaoziba kabureta. Gari nyingi za hivi zimekaa chini ya mwembe miaka kadhaa, kwa hivyo mwaga yote, safisha tenki kutu itoke, weka filta mpya. Badilisha paipu zote za raba za mafuta kabla hata ununue rimu. Raba ya miaka hamsini inapasuka bila notisi, petroli inadondokea ekzosti, na ukiwa hauna mtungi wa kuzima moto ndani ya gari, hiyo ndai itaisha hapo hapo kando ya Superhighway watu wakirekodi na simu.